"Niko nyumbani tu": hilo "tu" limetoka wapi?

*Shikamoo Anti. Nina miaka 33, naishi Kimara, nina watoto wawili, mmoja miaka sita, mwingine mitatu. Nilikuwa mhasibu. Mwaka aliozaliwa huyu mdogo tulibadilisha dada wa kazi watatu ndani ya miezi mitano. Wa mwisho alinipigia simu niko ofisini, akaniambia yuko stendi, watoto kawafungia ndani. Tukakubaliana na mume wangu niache kazi. Toka hapo niko nyumbani tu. Mume wangu hana shida, matumizi anaacha, halewi, hanipigi. Juzi kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa wifi yangu. Nilikuwa jikoni kwao tangu alfajiri. Wageni walipokaa, wifi akapaza sauti, "Golikipa wetu, leta maji watu wanawe!" Watu wakacheka, na mume wangu akacheka. Anti, nimesoma miaka yote hiyo nije kuwa mtu wa nyumbani tu? Nirudi kazini? Hata mama yangu Morogoro sijamwona tangu Pasaka, naona aibu kuomba nauli. Mama wa wawili.*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia wifi yako. Mara ya pili nikachukua kalamu nikazungushia duara neno dogo uliloliandika mwenyewe, tena mara mbili: "tu". Wifi kakuita golikipa, jina la utani wanalowapa akina mama wanaokaa nyumbani. Hilo "tu" hakulitia yeye.

Golikipa lisikunyime usingizi. Aliyelianzisha kwa kejeli nadhani hajawahi kukaa uwanjani akaona timu ikicheza bila kipa. Lakini hebu niambie: ni nani kwenye nyumba yenu anayejua siku maji yanapotoka, na kwamba ukichelewa kuamka saa tisa usiku unakuta bomba linakohoa? Ni nani anayejua kwamba yule mkubwa akisema tumbo linauma Jumatatu asubuhi ni uvivu wa shule, ila akisema hivyo Jumamosi apelekwe hospitali? Mimi nilikaa nyumbani miaka minne. Mwaka mmojawapo nikalazwa siku tatu kwa malaria. Baba watoto alipiga simu wodini mara kumi na moja. Ya kwanza alikuwa anaulizia hali yangu. Kumi zilizobaki: sufuria ya uji ni ipi, soksi nyeupe ziko wapi, huyu mtoto dawa ya minyoo alishapewa? Siku ya tatu aliuliza lini naruhusiwa, kwa sauti ambayo sijaisikia tena.

Na usidhani uliacha kazi kwa sababu ulikuwa mvivu au mjinga. Sheria yetu ya kazi inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kliniki wanatuambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Piga hesabu, wewe ndiye mhasibu: hapo katikati kuna karibu siku 100 ambazo lazima mtu azibebe. Sheria inaruhusu pia mama atoke hadi saa mbili kwa siku akanyonyeshe. Kwa foleni ya Kimara, mwanangu, saa mbili zinakwisha hujafika Ubungo. Pengo hilo tunalijaza na binti wa miaka kumi na saba tuliyempata kwa simu, au bibi aletwe kutoka kijijini, au mama aache kazi. Ninyi mlimtoa mama. Ulikuwa uamuzi wa watu wawili, na mume wako akumbushwe hilo.

Sasa nikupe kisa ambacho kila mama wa nyumbani Tanzania angepaswa kukijua. Aliitwa Bi Hawa Mohamed. Alipoachana na mumewe, Ally Sefu, aliomba mgawo wa nyumba yao ya Dar es Salaam. Mahakama ya chini ikamwambia yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Umeliona tena hilo "tu"? Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 majaji, Jaji Mkuu Nyalali akiwemo, wakasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Hukumu hiyo mawakili wanaitumia mpaka leo. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo wa nyumba ile, kwa sababu ilionekana fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya. Wenzake wakaula, yeye akabaki na jina.

Nimekisimulia ili nifike kwenye mstari wako wa mwisho, ule uliouandika kama vile umeupachika baada ya kukumbuka. Hujamwona mama yako tangu Pasaka kwa sababu ya nauli ya basi la Morogoro. Kutoka kwenu hadi stendi ya Mbezi ni pua na mdomo! Mwanangu, tatizo lako lipo hapo. Mwanamke anayeendesha nyumba nzima hana shilingi anayoweza kuitoa bila kueleza. Mume "anaacha matumizi", sawa, na sheria ya ndoa ya 1971 inamtaka amtunze mkewe kwa chakula, mavazi na malazi kadiri ya uwezo wake, kwa hiyo hapo hajakufanyia hisani. Ila hela ya mboga si hela yako. Ukiitoa humo nauli, watoto wanakula mchicha wiki nzima.

Kwa hiyo kaa naye. Usikae naye siku bado una hasira ya kipaimara, na usianze na "unanidharau", maana atajitetea mpaka usiku wa manane. Anza na daftari. Andika mwezi mmoja wa nyumba yenu kama ulivyokuwa ukiandika vitabu vya ofisi: kilichoingia, kilichotoka, na kazi ulizofanya ambazo mngemlipa mtu. Kisha mwambie unataka kiasi fulani kila mwezi kiwe chako, hata kiwe kidogo namna gani, usichokitolea maelezo. Kicheze kwenye kikoba, kiweke benki, hiyo ni juu yako. Na kama mna kiwanja au mnafikiria kununua, majina yawe mawili, hata kama ni ile karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa. Sheria hiyohiyo ya ndoa inasema mali iliyonunuliwa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni yake mpaka mwenzake athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina yote mawili, mnahesabiwa sawa kwa sawa. Usimwambie haya kama unajiandaa kuachika. Mwambie hata yeye akifa kesho, ndugu zake hao waliocheka ndio utakaokaa nao kwenye kikao cha mirathi.

Wifi muachie mwenyewe kaka yake. Usimjibu, usimnunie, na kipaimara kijacho fika saa nne kama wageni wengine, umevaa ukapendeza, ukae kwenye kiti. Alichokosea mume wako ni kile kicheko. Mwambie mara moja tu kwamba kilikuuma, halafu unyamaze.

Kuhusu kurudi kazini: ukirudi kwa sababu ya maneno ya wifi, utaacha tena dada wa kazi wa kwanza akitoroka. Subiri huyu mdogo aanze shule, kama ndivyo moyo wako unavyotaka. Lakini mkono usishike kutu. Mitihani ya CPA, ile ya uhasibu inayosimamiwa na bodi ya wahasibu, NBAA, unaweza kujisomea jioni, kidogo kidogo. Na kama moyo wako unataka ubaki nyumbani miaka mingine mitano, baki, mimi sitakuita mvivu. Nilibaki minne na kuna siku natamani ningebaki sita.

Morogoro usingoje hicho kikao na mume wako. Nenda Ijumaa hii, nauli mwombe waziwazi kwa mara ya mwisho. Watoto waache na baba yao hadi Jumapili, na usipike chochote ukaacha kwenye friji. Mwandikie tu kikaratasi siku ya maji, ubandike mlangoni.