Siku 21 za kushuka Nyayo

Makanga wa gari langu la asubuhi alidhani nimekasirika. "Madam, town bado," aliniambia siku ile ya kwanza nilipogonga dari nikitaka kushuka Nyayo Stadium, hapa Nairobi. Nilikuwa nimeshalipa nauli ya mpaka mjini, nimepata kiti cha dirishani, na sasa nakiacha nusu ya safari. Hata mimi ningeshangaa.

Sikuwa na maelezo marefu ya kumpa. Nilikuwa nimejiwekea ahadi: kwa siku 21, Jumatatu hadi Ijumaa nitashuka Nyayo na kumalizia kwa miguu hadi ofisini, Kenyatta Avenue. Jumamosi na Jumapili nitazunguka mtaani kwetu Lang'ata kwa nusu saa. Basi, hakuna zaidi.

Ahadi ilikuwa ndogo kwa sababu nilikuwa nimeshashindwa na zile kubwa. Mara tatu, na zote Januari. Nguvu za soda, kama tunavyosema. Mara ya mwisho nilinunua raba mpya, nikaweka kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, nikaapa kufikisha 10,000 kila siku. Jumapili ya kwanza nilikwenda msitu wa Karura nikatembea kama aliyetumwa, nikarudi nyumbani na kisigino kilichochubuka. Jumatano ilipofika simu ilikuwa inanikumbusha na mimi naizima. Baadaye nilikuja kujua kwamba ile 10,000 ilianzia kwenye biashara: mwaka 1965 huko Japani kilitoka kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, jina lenye maana ya kipima hatua 10,000. Si kwamba ni nambari mbaya, lakini niliacha kuiogopa.

Shirika la Afya Duniani lenyewe huhesabu dakika. Mtu mzima anashauriwa apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kumo. Gawanya 150 kwa siku tano za kazi, unapata nusu saa. Mimi kutoka Nyayo hadi mlango wa ofisi hunichukua dakika 35, na asubuhi yenye foleni gari nalo hutumia karibu muda huo huo likiwa limekwama hapo kwa raundabauti ya Bunyala. Kwa hivyo sikutafuta muda mpya wa kutembea. Niliuchukua ule niliokuwa nautumia kukodolea macho kisogo cha abiria wa mbele. Kama kuna jambo moja ningependa ulichukue hapa, ni hilo: usiniambie utaamka saa kumi alfajiri. Hutaamka. Tafuta safari unayoifanya tayari, uikate kipande.

Jioni sitembei, na simshauri mwanamke mwenzangu ajaribu barabara ile akiwa peke yake. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na taa za barabarani si za kutegemea. Asubuhi ni tofauti kabisa. Kufika pale Nyayo kabla ya saa moja ni kukutana na mto wa watu.

Nilikuwa nimewaona kwa miaka mingi kupitia dirishani bila kuwatazama. Wanatoka Kibera, wanashika Mbagathi Way, wanavuka pale uwanjani kuelekea Industrial Area. Vijana wa viwandani, akina mama wenye mifuko, mafundi wa mjengo. Hakuna aliyejiwekea changamoto ya siku 21. Wanapiga namba 11, miguu miwili, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi kila siku ingemeza mshahara. Niliona haya kidogo, nikiri, mimi na raba zangu na kachupa ka maji.

Mmoja wao ndiye aliyenifunza kutembea. Siku ya tatu, nikisubiri kuvuka, mzee mmoja mwenye gamubuti zilizofungwa kamba na kuning'inia begani aliangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisi, vile vyenye kisigino kifupi, nikijidanganya kwamba ni umbali mdogo.

"Dada, hivyo vitakurudisha kwa gari kabla ya Ijumaa."

Yeye alikuwa amevaa akala, zile ndara za tairi. Gamubuti ni za kazini, alisema, mguu wa njiani ni mwingine. Jioni hiyo nilipitia soko la Toi nikachukua raba za mtumba, pana kidogo mbele, zimeshalainishwa na mguu wa mtu mwingine. Viatu vya ofisi sasa hukaa kwenye droo ya meza yangu. Raba mpya za Januari nilimpa dada yangu.

Mambo mengine ya njia ile ni madogo lakini usipoyajua yatakukera hadi uache. Simu iweke ndani kabisa ya mkoba, hasa kwenye raundabauti. Bodaboda watakupitia kwenye njia ya wapita njia na kukupigia honi kana kwamba wewe ndiye uliyepotea. Usibishane nao, sogea. Ile barabara ya juu, Expressway, ilipofunguliwa mwaka 2022 ilinikera macho, lakini siku hizi ina faida moja kwangu: kivuli. Na mvua ikinyesha, kaa mbali na ukingo wa lami, maana kuna dereva ambaye furaha yake yote ni kidimbwi.

Nilianza katikati ya Machi, kosa langu, mvua ndefu zikiwa mlangoni. Siku ya tisa ilinyesha tangu usiku. Gari lilifika Nyayo, makanga akanitazama, mimi nikatazama chini. Nilibaki kitini.

Nyumbani nilikuwa nimebandika kalenda nyuma ya mlango wa jikoni, kila siku naweka alama ya X kwa kalamu nyekundu. Kijana wangu wa miaka saba aliona kisanduku cha tisa kiko wazi, akaja na kalamu. "Mama, nikuwekee?" Alinihurumia kwa kweli. Nilimkataza. Kisanduku kile kilibaki wazi, na kila nilipochemsha chai kilinitazama. Kanuni niliyoitunga usiku huo ni kwamba visanduku viwili visifuatane vikiwa vitupu. Kesho yake bado ilikuwa inanyunyiza. Nilitembea na mwavuli, nikafika na suruali iliyolowa hadi magotini, nikaweka X.

Sasa, hizi siku 21 zenyewe. Husemwa kwamba ndizo zinazojenga mazoea, na mimi nilizichagua kwa kusikia hivyo. Watafiti wa University College London walipowafuatilia watu waliokuwa wakianza mazoea mapya, wastani ulikuwa siku 66, wengine 18, na makadirio ya waliochelewa yakafika 254. Pia waliona kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ningalijua hayo mapema nisingelala vibaya ile siku ya tisa. Lakini pia nisingeanza, kwa sababu ungeniambia siku 66 ningekuomba tuzungumze Januari.

Siku ya 22 ilikuwa Jumatatu. Sikuwa na ahadi tena na mtu. Tulipokaribia uwanja, kabla sijainua mkono, makanga aligonga dari mwenyewe: "Nyayo, shukisha madam!" Siku hizi hata nauli ananikata ya Nyayo, naokoa Sh20. Karibu na Haile Selassie Avenue kuna mama anayeuza mandazi ya moto kwenye ndoo, na ni vigumu sana kumpita. Ukiniuliza kuhusu uzito, haujapungua.