Barua kwa Mwanangu: Chambo na Kilichomo Tumboni

Mwanangu mpendwa,

Sisi sote hapa Kunduchi hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, pamoja na zile kurasa ulizoziambatanisha kuhusu samaki aitwaye besi wa mdomo mkubwa. Unaniuliza ununue chambo kipi cha bandia ili umvue katika ziwa la huko Tennessee, Marekani, wakati huu wa majani kupukutika, kwa sababu duka mlilokwenda na mwenzako wa kazini lina ukuta mzima wa vyambo, nawe umekwisha kulipia vitano ambavyo havijakupa hata samaki mmoja. Mimi kabla ya habari za duka nataka kujua jambo jingine: hao samaki wanakula nini wiki hii? Samaki hafuati rangi, hufuata chakula chake. Neno hili umelisikia tangu ulipokuwa ukisimama kando ya karai langu ukisubiri vichwa vya vibua.

Kurasa zako zenyewe zinaniunga mkono. Zinasema kwamba maji yanapoanza kupoa, makundi ya samaki wadogo waitwao shedi, ambao ni wa ukoo mmoja na dagaa papa wetu, huacha maji makuu ya ziwa na kuingia ndani kabisa ya hori na vijito, na besi huwafuata huko ili wajishibishe kabla ya baridi. Zinasema pia kwamba kuna siku maji ya juu hupoa yakawa mazito, yakazama na kuchanganyika na ya chini yasiyo na hewa ya kutosha, na siku hizo samaki hutawanyika, hata mvuvi hodari akarudi mikono mitupu. Huenda ulikwenda siku kama hizo na vyambo vyako havikuwa na kosa lolote. Jirani zetu wa Kenya nao wana ushahidi, kwa kuwa besi walipandwa katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, na baada ya kamba wekundu wa Louisiana kuletwa humo mwaka 1970, besi wakubwa waliopasuliwa matumbo walikutwa wamejaa kamba hao. Samaki ni yule yule wa huko uliko. Kilichobadilika ni chakula.

Mimi sikuyapata haya vitabuni. Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa nikinunua samaki pwani, nikiwapaa, nikiwatumbua na kuwakaanga, na kisa cha mjomba wako na samaki wake wa bandia umekisikia kila Idi, lakini umekisikia kwa mdomo wake yeye. Ulikuwa mwaka 1983, bidhaa zimeadimika hata mshipi wa nailoni ulikuwa wa kuhangaikiwa, naye akanunua kwa baharia mmoja bandarini samaki wa mti, mwekundu, mwenye mistari ya dhahabu, mrefu kuliko kiganja changu, akamlipa kwa fedha za kikaango changu ambazo aliahidi kuzirudisha kabla ya mwezi kuandama. Kusi ilikuwa imelegea, bahari imetulia, na nguru walikuwa wakipita kati ya kisiwa cha Mbudya na pwani. Kila nguru niliyemtumbua siku zile alikuwa amejaa dagaa wasiozidi urefu wa kidole changu cha shahada, weupe, wengine bado wazima kama waliomezwa saa ile. Nikamwambia, "Kaka, huyo wako ni mkubwa mno, wao wanakula wadogo." Akanijibu mbele ya wenzake kwamba aliyezoea kikaango hawezi kumfundisha bahari mtu aliyezaliwa nayo, kana kwamba mimi na yeye hatukuzaliwa nyumba moja.

Alirambaza, yaani alikokota chambo chake nyuma ya chombo, siku tatu akirudi mtupu. Siku ya nne nahodha wa ngalawa ya jirani, aliyekuwa mteja wangu, aliniuliza nilichokiona matumboni, nami nikamwonyesha dagaa watatu niliowaweka kwenye kifuu. Akakata utepe mwembamba kutoka kwenye kiroba cheupe, akaufunga kwenye ndoana ndogo kwa urefu ule ule wa dagaa, na jioni akawashusha mchangani nguru 11. Niliwahesabu mimi mwenyewe, mmoja mmoja, na nakuambia kweli, mwanangu, furaha ile sijaipata tena pwani. Usiku mjomba wako aliingia jikoni akakata kiroba changu bila kuomba, na tangu hapo anasimulia kwamba wazo la kiroba lilikuwa lake. Fedha alinirudishia, kukiri kwamba niliyeona ni mimi, hajakiri hadi leo.

Hata hivyo sipendi kumdhulumu. Kaskazi ilipoingia na vibua wakubwa wakaja, samaki yule mwekundu alimpatia nguru aliyebebwa na watu wawili, kwa hiyo chambo hakikuwa kibaya, ila kilitangulia majira yake. Tena katika picha zako kuna chambo chenye vibati viwili vinavyozunguka juu ya sketi ya nyuzi, kitu kisichofanana na kiumbe yeyote niliyepata kumkuta tumboni mwa samaki, na kurasa zako zinakisifu sana kwa majira haya. Kimenisumbua siku mbili. Ikiwa samaki hufuata chakula, mbona anakifuata kibati? Kisha nikasoma kwamba samaki ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, na kwamba vibati vile hutikisa na kumeta kama shedi wanaokimbia, jambo linalofaa zaidi maji yakiwa na tope. Basi hata hapo anafuata chakula, ila amekihisi kabla ya kukiona. Najua kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini sijaona maelezo mengine yanayoniridhisha.

Utaniambia kwamba huko mnawarudisha samaki majini na hakuna tumbo la kufungua. Ni kweli, lakini besi anapopandishwa chomboni mara nyingi hutapika shedi aliyemmeza punde. Mpime huyo kwa kidole chako, kisha uweke chambo kando yake. Tazama ndege wanapopiga mbizi. Tafuta majani ya majini yaliyo bado mabichi, kwa maana yale yanayooza hula hewa ya maji na samaki huyakimbia. Na baridi ikizidi, maji yakashuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, besi huwa mzito wa mwendo, hapo chambo chochote kivutwe polepole na kupumzishwa mara kwa mara.

Kati ya vile vitano, ulimi unaniwasha kukutajia kimoja. Kile cheupe kidogo chenye tumbo la fedha, naona kama... hapana, sijasimama kando ya ziwa hilo, na nikikutajia utakifunga hata siku shedi watakapokuwa na urefu mwingine. Niandikie urefu wa shedi utakayemwona Jumamosi hii na hali ya maji, ndipo nitakujibu. Ila kile chekundu chenye mistari ya dhahabu, kwa sasa kiache nyumbani.

Ni mimi mama yako.