Mpangilio ulijirudia mara tatu, kwa nini mwamuzi alikataa sare?

SWALI: Binti yangu wa miaka 12 alikuwa na upungufu wa ngome moja kwenye mashindano ya vijana ya sataranji (chesi). Akawa anamtishia mfalme kwa malkia kutoka mraba wa e8, kisha h5, kisha e8 tena, naye mfalme akihama g8 na h7. Malkia alipofika e8 kwa mara ya tatu, mfalme akiwa g8, alibonyeza saa, akanyoosha mkono kudai sare. Mwamuzi akakataa. Mpinzani akazuia kwa kete nyingine, akashinda. Je, tulionewa?

JIBU: Hamkuonewa, mzazi, ingawa najua inavyouma mtoto anapoiokoa mechi kwa akili yake kisha ikamponyoka kwa suala la utaratibu. Mpangilio uleule wa kete ukitokea mara tatu, Kanuni ya 9.2 ya FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, inampa haki ya kudai sare mchezaji ambaye ni zamu yake tu. Alipobonyeza saa, zamu ilihamia kwa mpinzani, na mpinzani mwenye ngome ya ziada hakuwa na sababu ya kudai sare.

Alitakiwa aandike hatua ya malkia kwenda e8 kwenye karatasi yake bila kuigusa kete, asimamishe saa, amwite mwamuzi na kumwambia kuwa hatua hiyo italeta mpangilio uleule kwa mara ya tatu. Kama ni hatua ya mpinzani iliyouleta, hudai papo hapo kabla ya kugusa chochote. Akishagusa kete ya kusogeza, haki ya zamu hiyo imepotea. Hapo ndipo watoto wengi huangukia, maana mkono wao huwa na haraka kuliko kalamu.

Mwamuzi atahesabu kwa kutumia karatasi, kwa hiyo mwandiko usomeke. Mara hizo tatu si lazima zifuatane, ila lazima zamu iwe ya mchezaji yuleyule, na haki za kufanya kasoli (hatua moja inayosogeza mfalme na ngome pamoja) zisiwe zimebadilika. Dai likiwa la makosa, mpinzani huongezewa dakika 2, hatua iliyoandikwa huchezwa, na mechi huendelea. Kwa mchezaji aliyezidiwa ngome, hiyo ni gharama ndogo mno. Adai bila woga.

Mpangilio ukijirudia mara tano, hapo mechi ni sare hata kama hakuna aliyedai. Ila msimfundishe kuisubiri hiyo ya tano: mpinzani makini atabadilisha njia mapema, kama huyu alivyofanya.