Chama kinapoingia ibadani

SWALI: Tangu kampeni zipambe moto, waumini wetu wanapungua. Baadhi wamehamia kwa kiongozi wa dini anayekiunga mkono chama chao. Nilidhani dini ndiyo humwongoza mtu kupiga kura. Kumbe chama nacho kinaweza kumwongoza mtu katika dini? Kamati yetu ifanyeje?

JIBU: Kinaweza, na jambo hili limechunguzwa sana Marekani. Mtaalamu wa siasa Michele Margolis ameonyesha kwamba umri una nafasi kubwa. Vijana wengi hulegea katika ibada wanapoanza kujitegemea, na miaka hiyohiyo ndiyo ushabiki wa chama hukomaa. Wakishapata watoto na kufikiria kurudi, anayeona chama chake kinapatana na dini hurudi. Mwingine hubaki nyumbani. Mwaka 2002, wanasosiolojia Michael Hout na Claude Fischer walieleza kwa nini Wamarekani wasiojihesabu kuwa wa dini yoyote walipanda kutoka asilimia 7 hadi 14 katika miaka ya 1990. Wengi wao walikuwa bado wanamwamini Mungu. Walichokikimbia ni dini iliyofungamana na siasa za kihafidhina.

Anayeondoka kwa sababu hii haagi. Huanza kuchelewa, kisha hukosa wiki mbili, kisha haonekani tena. Wa kwanza kutoka ni wale wasio na jukumu lolote, ndiyo maana kamati huwa ya mwisho kugundua. Wanaobaki wana msimamo mmoja, na kiongozi akiitikiwa kwa sauti moja hudhani mambo ni shwari.

Kanuni iandikwe kabla ya kampeni. Katikati ya kampeni kila sentensi itaonekana imemlenga mtu. Mgombea aje aabudu, asipewe kipaza sauti. Mchango wake upokelewe kama wa yeyote, bila kutangazwa. Picha za kampeni zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp (simu ya kiongozi nayo ihusike).

Penye hatari zaidi ni kwenye dua, kwani hakuna anayethubutu kuipinga. Badilisheni jina la mgombea, wekeni la mpinzani wake: kiongozi akisita kuisoma, hiyo ni kampeni. Rushwa na dhuluma zikemewe, ila zikemewe pande zote.

Waliokwisha kuondoka watembelewe na muumini asiye na cheo wala ushabiki. Awajulie hali, na habari za kura asiziguse.