Kabla Hujamnunulia Mteja Seva

Seva ya kwanza niliyomchagulia mteja, yaani kompyuta kuu inayohudumia kompyuta nyingine za ofisi, ilikuwa ya nguvu haswa. Prosesa mbili za Xeon, RAM gigabaiti 64, diski tano, pawa saplai mbili. Ilikuwa imetumika Ulaya, ikapitia Dubai, ikafika Dar es Salaam kwa bei ya kompyuta mpya ya mezani. Mteja alikuwa mzee mwenye duka la vipuri vya magari Gerezani. Alikuwa na kompyuta saba na programu ya Tally kwa mauzo na stoo. Nikamwambia, "Mzee, hii utazeeka nayo." Akacheka, akalipa. Miezi kumi na minne baadaye nilikuwa nimeketi sakafuni dukani kwake saa tano usiku, nikiingiza ankara za karatasi moja baada ya nyingine.

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, nawasimulia ili msirithi usiku ule.

Mashine yenyewe haikuwa mbovu. Ilitengenezwa ikae kwenye kabati la chuma, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na duka lile halikuwa na chumba hicho. Tukailaza mezani chini ya ngazi. Feni zake zilikuwa zinavuma kama mashine ya kusaga nafaka. Wiki ya pili nikaikuta imefunikwa boksi la taa za Corolla ili kina dada wa kaunta wasikilizane na wateja. Joto likapanda. Kisha diski moja ikafa, na hapo nikajifunza jambo ambalo chuoni hakuna aliyenigusia: diski zile zilikuwa za SAS za inchi 2.5, aina ya seva kubwa, na mtaani zimejaa SATA, aina ya kompyuta za kawaida. Nilizunguka Kariakoo siku nzima. Kuchomeka SATA ningeweza, ila kontrola, kadi inayosimamia diski, ilikataa kuichanganya na za SAS kwenye kundi moja. Nikaagiza nje. Kundi lenyewe lilikuwa RAID 5, mpangilio wa diski kadhaa kufanya kazi kama moja, ambao huvumilia kifo cha diski moja tu, na diski zote zilikuwa za umri mmoja, zimechoka pamoja. Ya pili ikafa kabla mzigo haujafika.

Nakala ya akiba ya data? Ilikuwepo moja, kwenye flashi ya mhasibu, ya wiki tatu nyuma. Ripoti za Z, zile za kufunga siku, za mashine ya EFD ya risiti za kodi zilitupa jumla ya mauzo ya kila siku, lakini Z haikuambii zimetoka beringi ngapi na brekipedi ngapi. Ndiyo maana nilikuwa sakafuni.

Siku hizi mashine naitazama mwisho. Naanza kwa kumuuliza mwenye biashara: seva ikizima asubuhi hii, duka linaweza kuvumilia hadi saa ngapi? Na je, ukipoteza kazi ya siku ngapi utaumia? Mzee alinijibu tukiwa tumeshaumia: hadi saa sita mchana, baada ya hapo mafundi wanahamia duka la jirani. Jibu hilo linachagua vifaa vizuri kuliko brosha yoyote. Saa sita mchana maana yake kipuri kipatikane mjini leo hii, tena kwenye duka zaidi ya moja.

Halafu uliza kama seva inahitajika kweli. Ofisi ya watu wanne wanaoshirikiana mafaili na printa haina haja nayo. Windows 11 ya kawaida huruhusu hadi vifaa 20 kuunganishwa kwa kazi hiyo, na kompyuta moja nzuri ya mezani yenye diski mbili inatosha. Utapata faida ndogo kwenye mauzo hayo, lakini mteja atakuita tena.

Wapo watakaosema weka kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine kupitia intaneti. Barua pepe, ndiyo, iweke huko hata mteja akikusihi uifunge ofisini. Kulinda seva ya barua pepe ni ajira ya mtu mzima. Programu ya kaunta ni habari nyingine. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania ikayumba kwa siku kadhaa. Mwenye mauzo yake ndani ya duka aliendelea kuuza. Mimi huacha kazi ya kila siku ofisini na kupeleka nakala nje.

Ikishaonekana seva inahitajika, kwa duka la watu watano hadi ishirini nachukua ya kusimama wima, kama PowerEdge za Dell za herufi T au ProLiant za HPE za herufi ML. Inakaa pembeni ya meza, haivumi sana, na inakubali diski za SATA. Prosesa moja ndogo ya Xeon inatosha. Programu za hesabu kama Tally na QuickBooks huchoshwa na diski ya taratibu kabla ya kuchoshwa na prosesa. Kwa hiyo hela iliyobaki kwenye prosesa inaingia kwenye SSD, diski za kasi zisizozunguka, mbili za RAID 1, kila moja ikiwa na kila kitu, na ya tatu mpya inakaa kabatini ndani ya pakiti yake. RAM iwe ya ECC, ile inayorekebisha kosa la biti moja kabla halijaingia kwenye hesabu za watu. Mashine iliyotumika siikatai, mradi iwe ya aina ambayo vipuri vyake unaviona mtaani kwa macho yako.

Leseni wengi huisahau kwenye bei. Ukinunua Windows Server Standard, Windows ya seva, bado unahitaji leseni kwa kila mtumiaji au kila kifaa kinachoingia. Toleo la Essentials linaruhusu watumiaji 25 na vifaa 50 bila leseni hizo, na duka la kawaida halivuki hapo. Kama kazi ni kugawana mafaili tu, Linux yenye Samba, programu ya kugawana mafaili na kompyuta za Windows, haina ada, lakini jiulize nani ataishika siku ukihamia Mwanza.

Umeme sasa, na hapa naomba mtulie, kwa sababu hapa ndipo seva za kwetu hufia. Usinunue UPS, boksi la betri linaloishika seva umeme ukikatika, kwa kusoma VA pekee, ile namba kubwa ya kwenye boksi. Soma wati, nguvu halisi inayoweza kubeba, kwa sababu wati huwa chache kuliko VA. UPS nyingi za bei rahisi zikihamia kwenye betri hutoa mawimbi ya mraba, na pawa saplai za seva huenda zikayakataa na kuzima papo hapo, wakati ule ule ulioinunulia UPS. Tafuta inayotoa mawimbi laini kama ya gridi. Halafu kuna waya wa USB unaokuja ndani ya boksi. Nimeukuta kwenye droo za ofisi nyingi, bado umefungwa kwa waya wake mdogo! Bila huo seva haijui kwamba umeme umekatika, na betri ikiisha inaanguka katikati ya kuandika. Uchomeke, sakinisha programu yake, kisha chomoa UPS ukutani ukiwa umesimama hapo, uone seva ikijizima yenyewe kwa adabu. Betri za risasi hudumu kama miaka 3 hadi 5, na joto la pwani huzifupisha. Andika tarehe ya kununua ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Na kama kuna jenereta, hakikisha UPS inaukubali umeme wake, maana nyingine hung'ang'ania betri huku jenereta ikinguruma nje.

RAID si nakala. Karani akifuta faili, linafutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia huifunga pia diski ya nje iliyoachwa imechomekwa. Mzee wangu sasa ana diski mbili za nje zinazopokezana: moja iko dukani, nyingine nyumbani kwake, wanazibadilisha kila Ijumaa kabla ya swala. Nakala ya tatu hupanda usiku kwenda kwenye wingu, ikiwa imefungwa kwa nywila ambayo yeye na mtoto wake wanayo.

Siku ya kukabidhi kazi, mwambie mteja achague ankara yoyote ya mwezi uliopita. Irudishe kutoka kwenye nakala hadi kwenye kompyuta nyingine, siyo seva, huku yeye anatazama saa. Andika dakika zilizotumika kwenye karatasi, bandika ubavuni mwa seva, na urudie baada ya miezi mitatu.