Video inacheza kwenye laptopu, skrini inagoma: angalia faili kwanza, halafu saa

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo. Una skrini tatu za matangazo; video zinacheza vizuri kwenye laptopu, lakini ukiziweka kwenye flashi skrini moja inadai haitambui faili. Zile zinazokubali zinaacha giza la sekunde mbili kati ya video na video. Na unataka za asubuhi ziwe tofauti na za jioni bila mtu kupanda ngazi kubadilisha flashi. Nimehangaika na kazi hii miaka kadhaa na nimeharibu vya kutosha, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Kwanza, laptopu ni shahidi mbaya. Ina prosesa yenye nguvu, na programu kama VLC imebeba kodeki zake yenyewe (kodeki ni mbinu ya kubana na kufungua video), hivyo inameza karibu kila utakachoipa. Skrini, au kile kisanduku cha kuchezesha (pleya) kilichofungwa mgongoni mwake, hutegemea chipu maalumu ya kufungua video. Chipu hiyo inajua kodeki chache na kwa viwango vyake. Ikiletewa isichokijua, ama inakataa kabisa, ama inaisukumia prosesa ndogo ikahangaike peke yake, na hapo ndipo picha inapoanza kukatakata.

Usidanganywe na .mp4 mwishoni mwa jina. MP4 ni kasha tu. Ndani yake kodeki inaweza kuwa H.264, H.265 au AV1, na kwa nje faili zote zinafanana. Simu nyingi za siku hizi zinarekodi H.265, nyingine kwa biti 10 za rangi pamoja na HDR, yaani mwanga na rangi za upana zaidi. Video ya namna hiyo ukiipeleka kwenye skrini ya miaka kadhaa nyuma, usishangae ikikugomea. Mimi bado naiamini H.264. Ni ya mwaka 2003, na karibu kila kifaa kinaijua. H.265, iliyokuja 2013, inakupa ubora uleule kwa faili iliyo karibu na nusu ya ukubwa, lakini nisingeiweka kabla sijahakikisha pleya inaikubali.

Tena usidhani kifaa kipya lazima kikubali yote ya kile cha zamani. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ambayo wengi huifanya pleya, ina chipu inayofungua H.264 hadi 1080p kwa fremu 60 kwa sekunde, na H.265 hadi 4K. Kwenye Raspberry Pi 5 ile sehemu ya H.264 wameiondoa, chipu imebaki na H.265 tu, na H.264 inafunguliwa na prosesa. Kwa 1080p prosesa yake inamudu, lakini mtu aliyezoea Pi 4 akihamishia kila kitu Pi 5 bila kusoma, atashangaa joto limetoka wapi.

Ninachofanya mimi: kila video inayonijia, hata kama aliyeitengeneza ameapa kwamba iko tayari, naipitisha kwenye ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video kwa kuandika amri, kwa amri hii moja:

ffmpeg -i asili.mp4 -vf "scale=1920:1080,fps=30" -c:v libx264 -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -b:v 10M -maxrate 12M -bufsize 20M -g 60 -an -movflags +faststart tayari.mp4

Hiyo ni kwa video ya kulala, 16:9, isiyohitaji sauti. Ukihitaji sauti, badala ya -an weka -c:a aac -b:a 128k.

Kipande cha kuangaliwa sana hapo ni -pix_fmt yuv420p, yaani mpangilio wa rangi. Kuna siku nilitengeneza tangazo kutokana na picha za PNG, nikalipeleka kwenye skrini nne. Tatu nyeusi tii, moja inacheza. Nikabadilisha kebo ya HDMI, nikabadilisha flashi, nikaanza kumshuku fundi umeme. Zaidi ya saa tatu zimepita ndipo nikaendesha ffprobe (inakuja pamoja na ffmpeg, inaonyesha kilichomo ndani ya faili) kwenye ile faili, nikaona yuv444p. Ukitengeneza video ya H.264 kutoka PNG bila kutaja mpangilio wa rangi, ffmpeg inahifadhi rangi zote bila kupunguza, na chipu nyingi za skrini hazijui kuifungua video ya aina hiyo. Nilipoongeza -pix_fmt yuv420p, skrini zote nne zikacheza. Fundi umeme nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Kuhusu kasi ya biti, yaani data inayotumika kwa kila sekunde ya video: wahariri wanapenda kukuletea faili ya ProRes, ambayo kwa 1080p katika daraja lake la HQ inafika megabiti 220 kwa sekunde. Ni nzuri kwa kuhariri, ni mzigo wa bure kwa skrini. Kwa megabiti 10, tangazo la sekunde 30 linakuwa na megabaiti 37 na nusu hivi, na mtu aliyesimama mita tatu hataona tofauti. Faida ya pili ni kwamba pleya inayopakua video kwa intaneti dhaifu haitakesha.

Fremu kwa sekunde nazo watu wanazipuuza. Skrini nyingi zinapokea ishara ya 60 Hz, yaani picha mara 60 kwa sekunde. Video ya fremu 30 inagawanyika sawasawa, kila fremu inaonyeshwa mara mbili. Video ya fremu 25 haigawanyiki. Baadhi ya fremu zinakaa mara mbili, nyingine mara tatu. Kwenye picha ya mtu anayeongea huoni kitu. Kwenye maandishi yanayopita chini ya skrini utaona yanatetemeka kama yana baridi. Dawa ni kutengeneza zote kwa 30, au kama zote ulizonazo ni za 25, weka pleya itoe 50 Hz.

Skrini ya kusimama wima ina mtego wake. Simu huandika ndani ya faili alama tu ya kusema "nizungushe", na laptopu inaitii. Pleya nyingi haziijali, na unakuta mtu amelala ubavu. Zungusha picha yenyewe wakati wa kubadilisha faili, usitegemee alama.

Mambo madogo ya flashi, haraka haraka. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Majina yaanze na 01, 02, 03, kwa sababu 10 inaweza kutangulia 2. Na kuna skrini zisizojali majina kabisa, zinafuata mpangilio uliotumia kunakili. Kama unanakili kutoka Mac, tafuta faili zilizofichwa zinazoanza na "._" uzifute. Skrini inazihesabu kama video, inajaribu kuzicheza, halafu inakuonyesha kosa mbele ya wageni.

Sasa lile giza. Pleya ya kawaida ikimaliza faili inafunga kila kitu, inafungua faili inayofuata, inaanza upya. Hizo ndizo sekunde zako mbili. Giza likiwa refu zaidi, na skrini ikawa kama imechomolewa HDMI kisha ikarudishwa, basi pleya inabadilisha hali ya HDMI kufuata kila video: hii ya 25, ile ya 30, nyingine 4K. Funga pleya kwenye hali moja na ufanye faili zote zilingane. Kama giza bado linabaki, unganisha matangazo yote yawe faili moja ndefu. Andika majina yake kwenye orodha.txt, kila mstari ukiwa na neno file likifuatiwa na jina ndani ya alama moja moja za kunukuu, mfano file '01.mp4', kisha:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy mzunguko.mp4

Inamaliza kwa sekunde chache kwa sababu haitengenezi picha upya, ila ni lazima faili zote ziwe zimepita kwenye ile amri ya kwanza, maana zikitofautiana matokeo ni vurugu. Hasara yake unaijua: ukitaka kuondoa tangazo moja inabidi uunganishe tena. Mimi natumia njia hii kwa skrini zisizo na mtandao. Zenye mtandao naziwekea mfumo wa ratiba.

Tukifika kwenye ratiba, flashi peke yake haikufai. Skrini chache za kibiashara zina ratiba ndani yake, nyingi hazina. Unahitaji pleya yenye programu: Xibo na Anthias ni za chanzo huria, BrightSign wanauza visanduku vyao wenyewe, na kuna huduma kibao za kulipia kwa mwezi. Ukiwa na Raspberry Pi na ujuzi kidogo wa Linux, mpv (ya kuchezesha video) na cron (ya kuendesha amri kwa saa uliyopanga) vinatosha kabisa kwa skrini tatu.

Lakini kabla ya kuchagua programu, chukua karatasi uandike saa, na uandike kwa mtindo wa saa 24. Nasema hivi kwa sababu tunaongea saa kwa Kiswahili na mashine haijui Kiswahili. Mteja mmoja alituambia tangazo lake lionekane "saa mbili hadi saa sita". Kijana niliyekuwa naye akaandika 02:00 hadi 06:00. Tangazo likachezea viti vitupu usiku kucha, na mteja alipofika asubuhi akakuta picha za maua. Tangu siku hiyo fomu yetu ina visanduku viwili, kimoja cha saa kama inavyotamkwa na kingine cha 08:00 hadi 12:00, na mteja anaweka sahihi kwenye hicho cha pili. Vilevile mtu akisema "usiku wa Ijumaa", muulize ni Ijumaa baada ya jua kuzama au usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukikisia tu, umekosea siku nzima.

Ratiba inayovuka usiku wa manane, mathalani 22:00 hadi 02:00, programu nyingine haziielewi, zinaona mwisho uko kabla ya mwanzo. Igawe mara mbili: 22:00 hadi 23:59, na 00:00 hadi 02:00 ya siku inayofuata. Tangazo lenye ofa lipe tarehe ya mwisho siku ileile unayoliweka, usijiahidi kwamba utakumbuka. Na daima iwepo orodha ya akiba isiyo na saa wala tarehe, ya kucheza pale ambapo hakuna kingine kilichopangwa. Bila hiyo, pengo la dakika kumi kwenye ratiba linakuwa skrini nyeusi ya dakika kumi.

Ratiba yote inasimama juu ya saa ya pleya. Raspberry Pi zilizotangulia ya 5 hazina saa yenye betri. Ya 5 inayo, ila betri unainunua kando. Umeme ukikatika, kifaa kikiwaka tena kinaendelea na saa ya mwisho kilichoihifadhi, mpaka kipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Nilikuwa na skrini ya mapokezi ambayo usiku inaonyesha "Tumefunga, karibu kesho". Umeme ukakatika saa tano usiku, ukarudi alfajiri, na mtandao haukurudi. Saa tatu asubuhi, foleni imejaa, skrini inawaambia watu tumefunga. Wengine waliamini wakaondoka. Sasa kila pleya naiwekea moduli ndogo ya saa yenye betri, nahakikisha ukanda wa saa umechaguliwa sawa badala ya kuachwa UTC (saa ya kimataifa), na namwuliza mtu wa mtandao kama amefungua mlango wa UDP 123, ambao ndio NTP, njia ya kupata saa sahihi mtandaoni, inaupitia. Ofisi nyingi huufunga bila kujua.

Jingine linalouma kimyakimya ni kubadilisha faili wakati pleya inacheza. Ukinakili tangazo jipya juu ya la zamani kwa jina lilelile, pleya inaweza kulifungua likiwa nusu, ikaganda hapo. Nakili kwa jina la muda, kisha likikamilika badilisha jina. rsync, programu ya kunakili faili, inafanya hivyo yenyewe, ndiyo maana naipenda.

Skrini yenyewe: televisheni ya nyumbani hujizima baada ya saa kadhaa bila kuguswa rimoti, na baadhi zikikosa umeme zikirudi hubaki zimelala. Zima hiyo ya kujizima kwenye mipangilio, pamoja na ya kuokoa nishati. Nyingi zinaweza kuwashwa na kuzimwa na pleya kupitia HDMI-CEC, ingawa kila kampuni ina ukaidi wake, kwa hiyo jaribu kwa siku mbili tatu kabla ya kuamini. Skrini za kibiashara huandikwa 16/7 au 24/7, yaani saa zinazoruhusiwa kuwaka kwa siku, siku saba za wiki, na zina tundu la RS-232 au la mtandao (LAN) la kuziamrisha. Kama zako zitawaka mchana na usiku, usinunue ya 16/7 kwa sababu ya bei.

Kwa skrini zako tatu ningeanza na ile inayogoma. Endesha ffprobe kwenye video moja inayocheza na moja inayokataliwa, ubandike hapa ile mistari inayoanza na Stream, na utaje pleya ni aina gani. Na hiyo ya jioni unayotaka, sema ni kuanzia 16:00 au 18:00, nikuandikie mistari ya cron.