Sukari tumeiona, mpokeaji yuko wapi?

Kila baada ya uchaguzi hapa Uganda, ofisi za mawakili hujaa makarani wapya wa kukusanya ushahidi wa hongo za kampeni kwa kesi za kupinga matokeo, vijana wenye begi mgongoni na simu iliyojaa picha. Juzi nimeonyeshwa nyingine: magunia ya sukari juu ya pikapu, kijana mwenye fulana ya mgombea, watu wamenyoosha mikono. Huyu wa mbele ni nani? "Mwananchi, bosi." Na yule wa nyuma? "Naye mwananchi." Haya. Picha nzuri, iwekeni kwenye kalenda. Nawapenda, ndiyo maana nawakaripia, lakini mwaka huu sauti imeanza kunikauka, kwa hiyo nimeyaandika.

1. Anzeni na mpokeaji.

Kile kifungu cha hongo tulichozoea kukiita cha 68, katika Sheria ya Uchaguzi wa Bunge ya 2005, mnakijua kwa moyo. Kuwe na fedha au zawadi. Apewe mpiga kura aliyeandikishwa. Atoe mgombea mwenyewe, au mwingine kwa kujua na kuridhia kwake. Na nia iwe kushawishi kura. Likithibitika tukio moja tu, mbunge anang'oka. Kwa sababu hiyo mawakili wa upande wa pili hawapotezi muda kubishana kuhusu sukari. Sukari nchi nzima imeiona. Wanamfuata mpokeaji. Hayumo kwenye daftari la wapiga kura, au yumo kwa jina lililopangwa vingine, au kashabadili maneno tangu wiki iliyopita. Kitambulisho cha taifa hakisemi kwamba umeandikishwa kupiga kura kituo fulani. Andika majina yote, kijiji, parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) na kituo, kisha uende Tume ya Uchaguzi ukaombe dondoo la daftari lililothibitishwa. Foleni ndefu, najua. Beba maji.

Jambo jingine mnalolikwepa: sheria hiyo hiyo inamhesabu mpokeaji kuwa mkosaji. Faini isiyozidi pointi 72 za fedha, yaani shilingi 1,440,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo unapomwendea mtu na kijitabu chako ukamwuliza alipewa nini, unamwomba akiri kosa. Mwambie mapema, aamue mwenyewe. Asipolisikia kwako atalisikia kizimbani, na hapo ndipo watu husahau ghafla hata majina ya watoto wao. Tena jaji atamtazama kama mshiriki wa kosa, atataka mwingine wa kumuunga mkono. Mtafute aliyeona bila kupokea: dereva wa boda, muuza chapati, mwalimu aliyekuwa akipita.

2. Namba za vifungu zimehama tangu toleo jipya la sheria zetu lilipoanza kutumika Julai 2024. Msinakili kutoka kesi za zamani.

3. Hati ya kiapo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa karani mpya katika jimbo moja la mpakani, pale ambapo sokoni watu wa makabila yote wanapatana bei kwa Kiswahili. Bosi alitaka viapo vya wapiga kura, na alivitaka jana. Nikatengeneza mfano mmoja kwenye kompyuta, kwa Kiingereza, aya zimekaa sawa: mimi fulani, mpiga kura wa mahali fulani, nilipokea kilo moja ya sukari na shilingi 5,000 kutoka kwa wakala wa mjibu maombi (yaani mbunge anayeshtakiwa), nikaombwa nimpigie kura. Nikaacha nafasi za majina tu. Nikapanda boda hadi sokoni, nikakaa chini ya mwembe, nikajaza majina, nikawaeleza watu kwa Kiswahili kwa ufupi kilichoandikwa, wakaweka dole. Jioni nikavibeba viapo vyote mjini kwa kamishna wa viapo, akavigonga muhuri kimoja baada ya kingine huku anaongea na simu. Nililala nikijiona mwanasheria.

Mmoja wa mashahidi wale alikuwa mama muuza mukene, wale dagaa wetu. Alipoitwa kudodoswa, wakili wa upande wa pili alikuwa mpole kupita kiasi. (Wakili mpole muogopeni.) Akamwuliza, kupitia mkalimani, karatasi hii inasema nini? Mama akajibu hajui, haisomi lugha hiyo, kijana alimwambia aweke dole. Kijana yupi? Akanitafuta kwa macho, akaninyooshea kidole mbele ya korti nzima. Kiapo ulikula mbele ya nani? Mbele ya huyo huyo, chini ya mwembe. Kamishna unamjua? Hapana, ndiye nani?

Sheria ya Kuwalinda Wasiojua Kusoma na Kuandika ni fupi, na wakati ule sikuwa nimeisoma. Anayemwandikia mtu wa namna hiyo lazima aandike mwishoni jina lake kamili na anwani yake, maana yake anathibitisha kwamba ameagizwa kuandika hivyo, na kwamba maandishi yamesomwa na kuelezwa kwa mwenyewe. Mimi sikuandika chochote. Hapakuwa na cheti cha mtafsiri, na mwenye kiapo hakumwona kamishna hata kivuli.

Lakini hilo si lililoniuma zaidi. Kabla kiapo chake hakijatupwa, mama aliulizwa kuhusu ile kilo moja. Akasema haikuwa kilo. Sukari ilikuja imefungwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki), akaitilia shaka, akaiweka kwenye mizani yake ya mukene, ikapungua robo. Akamfuata wakala, wakazozana mbele ya kibanda chake na majirani wakasikia. Wakala akamjibu, "Mama, kalalamike kwa mheshimiwa, ndiye aliyenipa pesa za kununulia."

Isomeni tena sentensi hiyo. Uwakala, kujua, kuridhia, vyote vimo, na majirani waliosikia wapo. Ndicho tulichokuwa tukikitafuta jimbo zima, na mimi nilikaa naye chini ya mwembe nisimwulize lolote zaidi ya jina lake, kwa kuwa fomu yangu haikuwa na nafasi ya mizani. Sasa karatasi inasema kilo moja, mdomo unasema robo tatu, na wakili mpole akamwomba jaji aone kwamba shahidi anajipinga. Viapo vingine vikafuata njia hiyo hiyo. Vyote vilikuwa na aya zilezile, hata kosa moja la herufi katika aya ya 6 lilijirudia kutoka kiapo hadi kiapo, na wakili alilisoma kwa sauti kila mara akatabasamu. Kesi ikatupwa na gharama juu yetu. Kwenye korido mama akaniuliza kama nimepata alichosema kuhusu mizani, maana aliona jaji anaandika. Nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo: muulize mtu akusimulie kwa lugha yake, andika anavyosema, msomee kwa lugha hiyo, weka cheti cha aliyetafsiri, na mpeleke kwa kamishna kwa miguu yake. Mkitoka na viapo viwili vinavyofanana, kimoja nitakichana mbele yenu.

4. Video ibaki kwenye simu iliyoirekodi, na simu hiyo isiuzwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inauliza rekodi imepita mikono ipi, na WhatsApp ni mikono mingi.

5. Fulana haimfanyi mtu wakala.

Fulana hugawiwa bure, hata mimi ninazo za vyama vyote, nazifulia gari. Tafuta barua ya uteuzi, orodha ya mawakala wake vituoni, ujumbe wa kutumiwa pesa, au maneno kama yale ya mama. Halafu mjue mlango ambao upande wa pili watautokea. Sheria inaruhusu mgombea kutoa chakula na vinywaji kwenye mkutano wa kupanga kampeni, na ajabu ya nchi hii ni kwamba kila pilau ikipigwa picha huwa ilikuwa ya kupanga. Niliwahi kuona ushahidi wa mkutano wa kupanga uliohudhuriwa na kijiji kizima, pamoja na mbuzi.

Mlango wa pili ni mpango wa serikali. Hoja kwamba kugawa majembe kulikuwa hongo, katika kesi ya Amama Mbabazi ya kupinga ushindi wa Rais Museveni mwaka 2016, ilianguka Mahakama ya Juu, kwa kuwa majembe yalielezwa kuwa ya mpango wa serikali wa kilimo. Leo kuna PDM, mpango wa serikali wa kuendeleza parishi, shilingi milioni 100 kwa kila parishi, na mgombea atasimama karibu na meza ya malipo kana kwamba zimetoka mfukoni mwake. Msiniletee picha hiyo bila maneno aliyoyasema. Michango ya kanisani na msikitini ni rahisi zaidi, kwa sababu harambee na kutoa michango vimekatazwa wakati wa kampeni; hapo kazi yenu kubwa ni tarehe. Mkitaja "siku moja mwezi wa kumi na mbili" mnanipa homa.

6. Nauli ya shahidi iandikwe na risiti, kiasi kile kile cha teksi, bila soda ya ziada, la sivyo mtakuwa nyinyi mliomnunua.

7. Siku 30 za kufungua kesi huanza matokeo yakitangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Msihesabu tangu siku mgombea wenu alipoanza kulia redioni.

8. Mteja wenu.

Hili hamfundishwi chuoni. Mgombea aliyeshindwa atakuja na hasira na faili, na kila atakachosema kuhusu mpinzani wake kitakuwa kweli. Naye alikuwa kwenye kampeni zile zile. Upande wa pili watajibu kwa viapo vyao, na ndani yake mtakuta chumvi, sabuni, na bahasha ya matanga yenye jina lake kwa mwandiko wake. Kwa hiyo kabla hamjaandika aya ya kwanza, fungeni mlango, mpeni chai, mwulizeni kwa heshima: mheshimiwa, na wewe uligawa nini? Akikasirika, endeleeni na kazi. Akicheka, mwambieni alete kila kitu mezani usiku huo huo, hata risiti za duka la jumla.